NCHI INAVYOGAWANYWA: KUTOKA JIMBO MPAKA KIJIJI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mgodi na wakaaji wa mji, Uvira)



Tumeombwa tuseme juu ya namna nchi yetu ya Kongo inavyokatwa vipande: jimbo, teritware, sheferi, sekta, grupma, kijiji. Labda mmoja wenu anasema moyoni: haya ni maneno ya makarani, sisi tunataka maneno ya mshahara na bei ya unga. Tunamjibu ya kwamba maneno ni yale yale. Mtu asiyejua ameandikwa katika buku la nani hawezi kujua fedha ya jasho lake imeingia katika sanduku la nani.

Sisi tunaoshika kalamu mgodini tunaliona kila siku. Kabla ya kuuliza mtu anajua kazi gani, karatasi inauliza: kijiji gani? grupma gani? sheferi gani? teritware gani? Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinauliza hayo. Karti ya kura inauliza hayo. Kesi ya shamba inauliza hayo. Basi yafaa nasi tuulize: vipande hivi vilikatwa na nani, kwa faida ya nani, na leo vinatuletea nini?

NGAZI ILIVYOPANGWA

Tuanze juu, tushuke pole pole.

Katiba ya 18 Februari 2006 ilisema Kongo itakuwa na majimbo 25 pamoja na mji wa Kinshasa. Neno hilo lilikaa katika karatasi mpaka mwaka 2015, ndipo majimbo makubwa yakakatwa kweli. Katanga, kwa mfano, ilizaa majimbo manne. Moja ni Tanganyika, ambalo mji wake mkubwa ni Kalemie, na linakunywa maji ya ziwa hili letu. Kivu ya Kusini haikuguswa mwaka ule, kwa sababu ilikuwa imekwisha kukatwa zamani: mwaka 1988 Kivu moja kubwa iligawanywa ikawa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema.

Chini ya jimbo kuna miji na kuna teritware. Teritware za Kivu ya Kusini ni 8: Uvira, Fizi, Mwenga, Shabunda, Walungu, Kabare, Kalehe na Idjwi.

Chini ya teritware kuna sheferi na sekta. Teritware ya Uvira ina sheferi 3: Bavira, Bafuliiru, na Bonde la Ruzizi. Jirani yetu Fizi hana sheferi hata moja; ana sekta 4: Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja. Mwenga ana zote mbili, kwa maana ana sheferi tano, na sekta moja ya Itombwe.

Chini ya sheferi na sekta kuna grupma, na chini ya grupma kuna vijiji. Katika mji mambo ni mengine: mji hugawanywa katika komini, na komini katika kartie. Uvira ilikuwa site tu kwa miaka mingi. Amri ya serikali ya mwaka 2013 iliiandika katika hesabu ya miji, na komini zake ni Kalundu, Mulongwe na Kavimvira. Kwa hiyo msichanganye Mji wa Uvira na Teritware ya Uvira. Jina ni moja, nyumba ni mbili. Mtu wa Mulongwe yuko chini ya meya. Mtu wa Lemera yuko chini ya Mwami wa Bafuliiru, na juu yake yuko administrata wa teritware.

SHEFERI NA SEKTA SI KITU KIMOJA

Hapa wengi hupotea, basi tuseme wazi.

Sheferi, kwa sheria, ni mahali ambapo watu kwa jumla ni wa desturi moja, nao wana mkubwa mmoja anayetoka katika ukoo wa utawala. Mkubwa huyo hachaguliwi kwa kura. Desturi inamtoa, Leta inamtambua na kumwekea mkono. Ndivyo alivyo mwami.

Sekta ni mahali walipokusanywa watu wa desturi mbali mbali, au wa koo zisizo na mkubwa mmoja. Kwa Babembe wa Fizi hakukuwa na mwami mmoja wa wote. Kila ukoo ulikuwa na wazee wake. Wakoloni wakawafunga pamoja katika sekta. Kwa sheria ya leo, shefu wa sekta hana kiti cha kurithi: anapaswa kuchaguliwa na baraza la sekta, na baraza lenyewe linapaswa kuchaguliwa na wananchi.

Mtazame Makobola. Makobola ya kwanza iko Uvira, kwa Bavira. Makobola ya pili iko Fizi. Njia ni moja, ziwa ni moja, samaki ni wale wale, na watu wanaoana. Lakini huyu yuko chini ya mwami wa desturi, na yule yuko chini ya shefu ambaye sheria inasema apigiwe kura.

Na administrata wa teritware je? Yeye ni mtu wa Leta. Hakuzaliwa katika kiti wala hakuchaguliwa na watu. Ameandikwa kwa amri, na anaweza kuhamishwa kesho. Tena jambo hili mlishike sana: kwa Katiba ya mwaka 2006, teritware haina sanduku lake yenyewe. Katiba inataja vipande vinne tu vyenye kujitawala na kushika mali yao: mji, komini, sekta na sheferi. Teritware ni jicho na mkono wa serikali. Grupma na kijiji nazo hazina sanduku. Kapita wa kijiji anafanya kazi nyingi, anaamua ugomvi, anakusanya watu, lakini sheria haikumpa buku la fedha.

VIPANDE HIVI VILIKATWA NA NANI

Wazee wetu walikuwa na mipaka yao kabla ya Mzungu. Ilikuwa mto, mlima, msitu, malisho ya ng'ombe, na zaidi ya yote ilikuwa mipaka ya watu: fulani anampelekea fulani zawadi ya mavuno, basi huyo ndiye mtu wake. Bula Matari alipofika alitaka mstari juu ya karatasi.

Amri ya 6 Oktoba 1891, wakati wa Leopold, ilianza kuwatambua machifu kama watu wa kutumwa na serikali. Amri ya 2 Mei 1910 ilikwenda mbali zaidi: kila mwananchi alihesabiwa kuwa mtu wa sheferi fulani, na kuhama kwake kulitaka kibali. Kwa nini? Kwa sababu kodi ya kichwa ilikuwa inatozwa kwa hesabu ya vichwa, na mwenye kuhama ni kichwa kilichopotea katika buku. Baadaye, amri ya 5 Desemba 1933 ilipanga sheferi na sekta namna tunavyozijua, na vikundi vidogo vidogo vikakusanywa katika sekta, ili ofisa mmoja aweze kuviangalia.

Kodi, watu wa kazi, njia za gari, pamba ya lazima: hayo yote yalipita kwa shefu. Katika bonde la Ruzizi wazee wanakumbuka pamba. Shefu aliyetoa pamba na watu alikuwa shefu mzuri. Aliyekataa aliondolewa, na mwingine akawekwa. Ndiyo sababu mpaka leo tunasikia ugomvi wa viti: huyu anasema kiti ni cha ukoo wetu tangu zamani, yule anasema kiti kiliwekwa na Wabelgiji. Mara nyingi ugomvi huo ulianzia katika ofisi, siku ofisa alipochagua jina moja na kuacha jingine.

Na sisi watu wa kazi na wa mji? Sisi tulikuwa shida kwa mpango ule, kwa sababu tulikuwa tumetoka kwa machifu wetu. Amri ya 23 Novemba 1931 ikatutengenezea mahali petu, ile iliyoitwa site ya nje ya desturi. Haikuwa kijiji, wala haikuwa mji wa Wazungu. Ni mwaka 1957 tu ndipo amri ya 26 Machi ilipofungua mlango wa komini zenye kuchagua watu wake. Kura za kwanza zilipigwa Desemba 1957 katika Leopoldville, Elisabethville na Jadotville, na mwaka uliofuata katika miji mingine, Bukavu ikiwamo. Yaani watu weusi wa Kongo walipiga kura ya komini kabla ya kura ya nchi. Kura ilianzia chini, katika mtaa. Tulikumbuke hilo.

MAJINA YANABADILIKA, ULE MLANGO UNABAKI

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa na majimbo 6. Miaka ya 1962 na 1963 yalikatwa yakafika zaidi ya 20, na Kivu ikawa vipande. Mobutu akayakusanya tena mwaka 1966. Baadaye akabadili majina: jimbo likaitwa rejio, teritware ikaitwa zone, sheferi na sekta zikaitwa kolektivite. Wazee wengi hata leo wanasema «zone ya Uvira». Mwaka 1998 jina la teritware lilikuwa limerudi katika sheria.

Hesabuni wenyewe: mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1955, bila kuhama hata hatua moja, amekaa katika majimbo ya majina mbali mbali, katika teritware, halafu zone, halafu teritware tena. Lakini mlango wa kwanza aliogonga kwa shida yake haukubadilika: ulikuwa wa kapita, na wa shefu. Kwa hiyo mtu akisema «tukate jimbo jipya, shida zenu zitakwisha», mwulizeni: na mlango ule wa chini utautengeneza lini?

SASA TUSEME FEDHA

Ndugu wachimbaji, hapa inatupasa kusikiliza kwa masikio mawili.

Mgodi wenye permi ya kuchimba hulipa Leta haki ya madini. Kwa dhahabu, sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 imesema ni 3.5 kwa mia ya bei. Tufanye hesabu nyepesi. Mgodi ukiuza dhahabu ya dolari 1,000,000, haki hiyo ni dolari 35,000. Fedha hii inagawanywa hivi:

Serikali ya Kinshasa, 50 kwa mia: dolari 17,500.
Jimbo, 25 kwa mia: dolari 8,750.
Sheferi, sekta, komini au mji ulio na mgodi ndani yake, 15 kwa mia: dolari 5,250.
Mfuko wa vizazi vijavyo, 10 kwa mia: dolari 3,500.

Sasa mnaona mstari wa mpaka ni kitu gani. Mgodi ukiwa upande huu wa kijito, dolari 5,250 ni za sheferi hii. Ukiwa ng'ambo, ni za sekta ile. Na milioni zikiwa nyingi, hesabu inapanda. Kwa fedha hiyo mtu anaweza kuezeka shule, kutengeneza daraja, kununua dawa za zahanati. Anaweza pia kujenga nyumba yake mwenyewe, kama hakuna anayemwuliza.

Tena angalieni neno moja lililobadilika. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilisema ile 15 kwa mia ni ya mji au teritware. Sheria ya mwaka 2018 ikasema ni ya vipande vile vyenye kujitawala, nasi tumekwisha kusema teritware si kimoja chao. Neno moja limeondolewa, jingine limewekwa, na fedha imetoka katika ofisi ya administrata, imeshuka mpaka kwa mwami na shefu wa sekta. Ni wachimbaji wangapi wamesomewa neno hilo?

Kuna na fedha nyingine. Katiba inasema 40 kwa mia ya mapato ya nchi ni ya majimbo, na ikatwe papo hapo inapopatikana, isipande Kinshasa kwanza. Sheria ya 7 Oktoba 2008 ikaongeza: katika sehemu ile ya jimbo, 40 kwa mia ishuke kwa miji, komini, sekta na sheferi. Yaani katika kila franka 100, 40 ni za majimbo, na katika hizo 40, franka 16 ni za chini. Hayo ndiyo maandiko. Matendo yamekuwa mbali na maandiko, na kila mwaka magavana wamelia kwamba hawaletewi kamili. Lakini maandiko yapo, na deni lililoandikwa halifanani na sadaka inayoombwa.

KURA ISIYOFIKA

Mtauliza: nani amwulize shefu alipopeleka fedha? Sheria imejibu: baraza. Kila sekta, kila sheferi na kila komini inapaswa kuwa na baraza la watu waliochaguliwa. Baraza linapitisha hesabu ya mwaka. Katika sekta baraza ndilo linalomchagua shefu. Hata mwami, ambaye hachaguliwi, anapaswa kuweka hesabu mbele ya baraza la sheferi yake.

Basi lipo wapi? Katiba ilitoka mwaka 2006. Nchi ilichagua rais na wabunge mwaka 2006, mwaka 2011, mwaka 2018 na mwaka 2023. Katika kura ya Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa, lakini katika miji mikubwa ya majimbo tu. Mabaraza ya sekta na sheferi hayakuchaguliwa katika kura hizo zote. Fedha imeshushwa mpaka chini, lakini jicho la kuiangalia halijashushwa. Hatusemi kila shefu ni mwizi. Wako wenye haki, nao ndio wanaoumia kwanza, kwa sababu hawana baraza la kuwashuhudia. Tunasema ya kwamba sanduku lisilo na mwenye kulihesabu humtia majaribuni hata mtu mwema.

MPAKA USIWE KISU

Tuseme na jambo la uchungu. Katika milima iliyo juu yetu, jina la Minembwe limewasha moto. Wakati wa vita, mwaka 1999, waasi wa RCD waliifanya teritware. Baada ya vita ikafutwa. Amri ya mwaka 2013 ikaiandika kuwa komini ya mashambani. Mwezi wa Septemba 2020 mkubwa wake akawekwa mbele ya watu, makelele yakajaa nchi nzima, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Rais Tshisekedi, akiwa Goma, akasema jambo lile limefutwa.

Hatukuja hapa kumhukumu jirani yeyote. Wanyamulenge wanasema: tunataka ofisi karibu, tusitembee siku nyingi kutafuta cheti. Babembe, Bafuliiru na Banyindu wanasema: msikate ardhi ya mababu bila kutuuliza. Maneno yote mawili ni ya watu walioumia. Kosa tunaloliona ni hili: mstari ulichorwa mbali, na waliokaa pande zake mbili hawakukalishwa kitako kwanza. Ofisi ikiletwa kama ushindi wa mmoja, jirani yake ataiona kama kisu. Na wanaokufa si wachoraji wa mistari. Wanaokufa ni wachungaji, wakulima, na watoto wao.

MAJIRANI WANAFANYAJE

Ng'ambo ya ziwa, Burundi ilikuwa na majimbo 18. Kwa sheria ya mwaka 2023 yamefanywa 5. Tanzania iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963. Leo ina mkoa, wilaya, tarafa, kata na kijiji, na mwenyekiti wa kijiji anapigiwa kura. Kenya, kwa katiba ya mwaka 2010, iliacha majimbo yake 8 ikafanya kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013, na katiba inakataza kuzigawia chini ya 15 kwa mia ya mapato ya nchi. Mmoja amepunguza, mwingine ameongeza, mwingine ameondoa machifu. Kwa hiyo wingi au uchache wa vipande si dawa. Tuwaulize majirani hao jambo jingine: je, mtu wa kijiji anaweza kumwita mkubwa wake na kumwambia «tufungulie buku»?

TUFANYE NINI

Ndugu, tusitoke hapa na maneno matupu. Kila mmoja wetu ajibu maswali manne nyumbani kwake:

1. Mimi ninaandikwa kijiji gani au kartie gani, grupma gani, sheferi au komini gani? Na karti yangu inasema hivyo hivyo?
2. Shimo ninalochimba, au mgodi ninaofanya kazi, uko katika sheferi au sekta ya nani?
3. Ile 15 kwa mia iliingia mwaka jana kiasi gani, na ilifanya kazi gani?
4. Nani mwenye haki ya kuuliza, na baraza letu litachaguliwa lini?

Swali la tatu tusilipeleke kwa fujo. Tuende wengi, tukiwa na wazee na mama, na barua iliyoandikwa vizuri yenye tarehe. Makarani tupo, tutaandika bila malipo. Nakala moja kwa shefu, moja kwa administrata, moja tubaki nayo. Asipojibu, tuandike ya pili, tukitaja tarehe ya ile ya kwanza. Mabula Matari walitushinda kwa buku na kalamu zaidi ya kwa bunduki; buku na kalamu sasa ziko mikononi mwetu.

Tumemaliza. Mwenye swali na asimame, na mwenye habari ya kijiji chake na aitoe mbele ya wote.